Malalamiko Dhidi ya Fomu ya Uwezo

Kwako Mama Mshauri Nasaha,

Salaam na heshima zote. Naandika kwa uchungu, hata chai imepoa. Ijumaa bodi itaamua kama binti wa kidato cha pili tunayemwita Kiberiti afukuzwe shule. Naomba afukuzwe, na ile fomu yako ifukuzwe pamoja naye. Sababu zangu ni hizi:

1. Ulininyang'anya daftari la makosa, kazi yangu ya miaka kumi na moja, ukanipa karatasi yenye swali moja: "Mwanafunzi huyu ana uwezo gani?" Nilikaa nayo kipindi kizima. Mwishowe nikaandika, "Ana sauti."

2. Ukasema kila uwezo upewe kazi. Nikamwachia kupanga mistari ya asubuhi. Mimi na filimbi yangu tulihitaji dakika ishirini. Yeye anahitaji tatu, tena wenzake wanacheka. Siku hizi nasimama pembeni kama mtu aliyekosea msiba.

3. Kwa kuwa ni bingwa wa kutoroka, nikaandika "anaijua vizuri mipaka ya shule" na kumkabidhi ukaguzi wa uzio. Akanionyesha matundu saba. Mimi nilikuwa nayajua mawili, na moja ndilo nililopitia mwenyewe kila kikao cha walimu kiliponoga. Yote yamezibwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

4. Hili ndilo lililonimaliza. Jumatatu aliomba fomu tupu, akanijazia mimi. Penye uwezo wangu ameandika: "Analijua jina langu." Mama, nalijua kwa sababu nimeliandika mara arobaini na sita kwenye daftari la makosa! Sikumwambia. Niliingia stoo ya chaki nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa niulize kwa adabu: watovu wa nidhamu wakiisha, mwalimu wa nidhamu atakula wapi?

Nisalimie karani, mpishi, na mlinzi, ambaye amenuna tangu ule ukaguzi wa uzio.

Ni mimi, mwenye masikitiko yasiyo kifani,
Mwalimu wa Nidhamu

Nyongeza: Ripoti ya bodi nimeiambatisha. Sehemu ya makosa nimeiacha wazi. Ya uwezo haikutosha, nimebandika karatasi mbili. Ombi la kumfukuza, lile la mwezi uliopita, niliandika mimi, tafadhali lichane. Na Ijumaa niwekee kiti upande wake wa meza.