Gazeti Lililomuua Mhariri Wake

Siku Don Ulises Matos alipowasili matangani na magunia ya barafu na kukuta marehemu keshazikwa, watu wote wa Barahona waliona mgombea umeya aliyeaibika. Dago Féliz aliona yipeta iliyomleta, jipu kubwa jeupe lenye vioo vyeusi.

Huku kwetu kura hazitafutwi jukwaani. Jukwaani watu hufuata muziki. Kura hutafutwa matangani: nani alitangulia kumkumbatia mjane, nani alileta barafu, nani alikaa mpaka chai ya tangawizi ikaisha na machozi yakawa bado yanamtiririka. Familia ya hapa itasahau kwamba uliahidi barabara, itasahau kwamba uliahidi maji, lakini jina la aliyefika wa kwanza haliwatoki. Na Don Ulises, mwenye kiwanda cha barafu, aliyeweza kuugandisha mji mzima akitaka, kila mara alikuwa akipitwa na mpinzani wake, mwalimu Peguero, mstaafu mwenye pikipiki kuukuu na masikio mapana.

Dago alikuwa nje na wenzake akicheza dhumna, akinukia marashi ya bei rahisi. Aliweka kete yake, akalisokota lile sharubu lake lililojulikana mji mzima, akainuka. Huyu bwana amefanya kazi nyingi halali: amekuwa wakala wa viza za nchi zisizodai viza, na fundi wa kuongeza kasi ya simu kwa kuipangusa na kitambaa chenye limau. Wateja wake bado wanamtafuta, bila shaka ili wamshukuru.

"Don Ulises, pole sana," akasema. "Msiba huu si wa marehemu. Ni wako."

"Wewe nani?"

"Mhariri mkuu wa Sauti ya Ghuba."

"Sijawahi kuisikia."

"Ndiyo maana unaletea barafu makaburi."

Don Ulises alikunja uso, lakini hakuondoka. Mtu aliyekunja uso na asiondoke, alikwisha kusema Dago mara nyingi, huyo ameshaingia dukani, kilichobaki ni kumpimia.

"Ni gazeti la mtandaoni, mkuu. Nina waandishi arobaini. Hospitalini wapo, kwenye kambi za miwa wapo, mpaka jikoni kwa padri yupo mmoja. Mtu hakati roho bila sisi kuandika."

"Arobaini? Na ofisi iko wapi?"

"Ofisi ni ya wavivu. Waandishi wangu wako kazini."

Kilemba hicho cha ukoka kilimkaa Don Ulises kichwani kama alichopimiwa na fundi. Wakakubaliana palepale, mbele ya meza ya dhumna: Don Ulises alitumie gazeti kwa majaribio hadi Ijumaa. Likimfikisha matangani wa kwanza, atalinunua lote, jina, waandishi na heshima yake, kwa yipeta ile. Dago aliomba muda wa kuwajulisha waandishi wake.

Alichofanya ni hiki. Mtaa wa nyuma ya soko kuna Doña Crucita Medrano, msusi. Mchana huwatengeneza nywele walio hai, na familia ikifiwa, simu ya kwanza huenda kwake, kabla ya padri na kabla ya seremala, kwa sababu mtu hawezi kwenda mbele za Mungu na nywele za kitandani. Basi habari za vifo anazo zikiwa bado moto. Huziandika kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, yeye peke yake, kwa simu, sega likiwa mdomoni. Na ukurasa huo, kama kurasa nyingi za habari, una mfereji wake: kila anachoandika hutiririka humo, na yeyote mwenye tovuti aweza kuuelekeza kwake, habari zikajitokeza zenyewe bila yeye kuinua kidole. Waungwana huomba ruhusa na kutaja chanzo. Dago alipachika mstari mmoja wa maelekezo aliouiga kwa kijana wa kituo cha simu, akaweka juu yake jina la Sauti ya Ghuba kwa herufi za dhahabu, akaenda kula ndizi za kuponda. Waandishi arobaini walikuwa wameajiriwa kabla kitunguu cha juu yake hakijaiva.

Gazeti likafanya maajabu. Don Ulises akawa anafika misibani mapema hata akasaidia kuhamisha vitanda. Mwalimu Peguero akifika na pikipiki yake anamkuta mwenzake keshalowesha bega la mjane. Mgombea wetu akaanza kutamba mitaani kwamba Sauti ya Ghuba haijapata kusema uongo na haitasema, na kwamba yeye, mtu wa ahadi, Ijumaa analinunua kwa yipeta. Alipiga simu kwa Dago kila tanzia ilipotokea, kumsifu, mpaka Dago akaizima simu, akaaga kwamba anakwenda mji mkuu kuwakagua waandishi, na akaenda Cabral kwa binamu yake kula samaki. Gazeti lake mwenyewe hakulisoma hata mara moja. Mpishi wa sumu halambi kijiko.

Alhamisi Don Ulises aliingia chumba cha msiba mapema kupita kiasi. Doña Crucita alikuwa bado anamchana marehemu.

"Don Ulises," akasema bila kugeuka, "wewe umeambiwa na nani? Hata mwanawe mkubwa hajui."

"Gazeti langu, mama." Akamwonyesha simu.

Doña Crucita akasoma. Yalikuwa maneno yake aliyoyaandika muda mfupi uliopita akiwa ameegemea kitanda hichohicho, hadi ile salamu anayofungia kila tanzia: mwenye machozi na alete, mwenye sukari na alete pia. Akarudisha simu.

"Wanaandika vizuri, hawa watu wako."

"Wamesomea Uhispania," akasema Don Ulises.

"Inaonekana. Na mwenyewe yuko wapi?"

"Dago? Mji mkuu. Anarudi kesho jioni kuchukua yipeta yake."

"Mungu amlinde njiani," akasema Doña Crucita, akaendelea kuchana.

Mwanamke mwingine angekwenda polisi, akaulizwa mfereji ni kitu gani, na kama umeibwa mbona bado anao. Doña Crucita alirudi nyumbani, akajichemshia kahawa, akaandika tanzia. Kwenye ukurasa wake hakuibandika, maana ni mtu anayejiheshimu na hawadanganyi wasomaji wake. Aliitia mferejini tu, ambako aliyekuwa akichota ni Sauti ya Ghuba peke yake.

Ijumaa jioni Dago alishuka garini akiwa amenyoa sharubu. Mpango wake ulikuwa kuchukua yipeta, kuipigisha mbio hadi mji mkuu, kuiuza na kupotea, na sharubu lile lingemtaja kila kituo cha polisi. Alipokunja kona ya nyumba yake akakuta viti vimejaa mpaka barabarani, meza za dhumna, birika la tangawizi na magunia ya barafu. Akavuta kofia machoni, akamwinamia mzee aliyekaa mwisho.

"Nani amefariki?"

"Mhariri. Amefia mji mkuu akikimbiza habari. Wamemzika hukohuko."

Mbele, kwenye kiti cha mjane, alikaa Doña Crucita katika nguo nyeusi, akilia kwa ustadi. Tanzia ilikuwa imemtaja kuwa mchumba wa siri wa marehemu. Watu walishangaa kidogo, kisha kila mmoja akasema alijua siku zote.

Bila sharubu hakuna aliyemtambua, lakini msusi humjua mtu kwa kisogo. Doña Crucita akainuka kama anayekwenda kupunga hewa, akamkuta ukutani.

"Marehemu, umechelewa."

"Futa hiyo tanzia, mwanamke."

"Mimi? Mimi si mwandishi. Waandishi ni wako, waliosomea Uhispania."

"Nakwenda pale mbele niwaambie niko hai."

"Nenda. Halafu Don Ulises atajua gazeti linadanganya, na atauliza limetoka wapi. Yule mwenye mabega, anayekula biskuti, ni kapteni wa polisi. Amemwoa dada wa Don Ulises. Lakini kama gazeti ni la kweli, basi wewe ndugu yangu umekufa, na maiti haendeshi gari. Chagua, chai isipoe."

Dago alitafuta tundu la kutokea. Maisha yake yote tundu halikukosekana.

"Nusu kwa nusu," akanong'ona.

"Wafu hawagawiwi. Wao ndio hugawanywa."

Akarudi kitini mwake na kukumbuka kulia. Wakati huo mwalimu Peguero, ambaye kwa mara nyingine alikuwa amefika wa pili, alisimama na kutangaza kwamba kahawa na sukari mpaka siku ya tisa ya matanga ni juu yake. Watu wakanong'ona kwa shukrani. Macho yakamgeukia Don Ulises. Barafu yake ilikuwa inayeyuka.

"Mchumba wangu," Doña Crucita akasema katikati ya kwikwi, bila haraka, kila kiti kisikie, "neno lake la mwisho kwenye simu lilikuwa hili: Crucita, usiogope. Don Ulises ni mtu wa ahadi."

Mji mzima ulijua ahadi ni ipi, maana mwenyewe ndiye aliyeitangaza. Don Ulises alimtazama Peguero, akautazama umati, akaitazama yipeta kama anayeaga mtoto anayepelekwa shule ya bweni. Kisha akatoa ufunguo na kuuweka kiganjani mwa mjane. Watu wakapiga makofi, jambo ambalo matangani halifanywi, lakini msiba wenye gari ni nadra.

Nyuma ya ukuta Dago alishika kifua. Pengine hapo ndipo alipokufa kweli.

Akiwa amenawiri kwa makofi, Don Ulises akaanza kuwapa pole waombolezaji mmoja mmoja, mkono kwa mkono, kama wagombea wafanyavyo, mpaka akafika ukutani. Akanyoosha mkono kwa mtu mwenye kofia, na marashi yale ya bei rahisi yakampanda puani. Akainama kidogo, akatazama chini ya kofia.

Rangi ikamtoka, ikarudi, ikamtoka tena. Nyuma yake alikuwapo Peguero na yale masikio. Nyuma ya Peguero ulikuwapo mji. Mtu aliyemlilia aliye hai na kumpa gari mjane asiye mjane, mji huu haumchagui hata kulinda soko. Don Ulises si mwepesi wa kufikiri, ila barafu humfundisha mtu kutulia. Akaukamata ule mkono na kuubana.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya mkutanoni. "Ulimfahamu marehemu?"

"Kidogo," Dago akajibu, vidole vikilia.

"Mnafanana."

"Watu husema."

Don Ulises akamkumbatia kwa huzuni kubwa, akamwekea mdomo sikioni.

"Basi la mwisho la mji mkuu linaondoka sasa hivi. Nikikuona tena hapa kabla ya uchaguzi, gazeti langu litakuwa limesema kweli."