Fomu Isiyonihitaji

Jumatatu, 4 Novemba

Mama Dativa, mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa mpunga, ametangaza kwamba wanatafuta karani. Karani wa kudumu, mwenye meza na kiti chake ofisini! Nikakaa vizuri kwenye benchi. Nani mwingine Ifakara hii? Miaka ishirini na kitu nimekaa Kivukoni na taipureta yangu, nikiwaandikia watu barua na kuwajazia fomu wakisubiri pantoni. Halafu likaja daraja. Sasa watu wanapita vuu na bodaboda, hata mkono hawanipungii.

Kumbe kuna sharti. Siku hizi mbegu unajiandikisha kwa simu, na fomu ya mwaka jana iliwashinda watu. Herufi kama chawa, nusu Kiingereza, ukichelewa kidogo inafuta yote. Kwa hiyo kila mwombaji wa kazi atengeneze fomu yake, ofisi itaiingiza kwenye simu. Jumamosi wakulima wawili watazijaza bila kusaidiwa. Mwenye fomu itakayojazika anapewa kiti.

Tuko wawili tu. Mimi na Careen, yule binti wa kibanda cha kusajili laini. Viatu vyangu vya kanisani vimemzidi umri. Nimeshashinda!

Jumanne, 5 Novemba

Nimewaza. Fomu ikiwa rahisi mno, kesho watanihitaji kwa lipi? Nimeandika maswali arobaini na mawili, ya heshima. "Mwombaji ataje makazi yake ya kudumu." "Mwombaji aainishe eneo analolimiliki kisheria au kimila." Nimejisomea kwa sauti, machozi yakanilenga. Enzi za pantoni, kwa Kiswahili kama hiki watu walivua kofia.

Tatizo ni Jumamosi. Nikamchokonoa Mama Dativa kuhusu hao wakulima wawili. Mmoja ni Mzee Seni wa Idete. Mwingine ni Restituta wa Namawala. Dada yangu wa tumbo moja! Nikampongeza Mama Dativa kwa uchaguzi mzuri, nikaondoka haraka kabla sijacheka.

Jumatano, 6 Novemba

Namawala. Nimemkuta dada anafunga mizigo. Sufuria, mkeka, jembe. Mvua zikikaribia anahamia kwenye kibanda chake cha shambani, harudi mpaka avune. Nimemkaririsha majibu yote, la kwanza mpaka la arobaini na mbili. Akauliza kwa nini asisome mwenyewe tu, kusoma anajua. Nikamwambia asinichoshe. Tangu barua yake ya kwanza ya uchumba mimi ndiye ninayemwandikia, ubishi huu wa leo kautoa wapi?

Alhamisi, 7 Novemba

Careen kaja kwangu. Shikamoo, mzee. Kakaa kwa adabu, kauliza zamani pale Kivukoni watu walikuwa wanakwama wapi kwenye fomu. Mpelelezi! Nilimjua mara moja.

Lakini jamani, hakuna aliyeniuliza habari za Kivukoni tangu daraja lifunguliwe. Nikafunguka. Nikamsimulia foleni, kuku kwenye matenga, pantoni limekwama kwenye mchanga katikati ya mto na watu wanaimba. Akina mama nilikuwa nawasomea barua mara mbili, maana ya kwanza walilia tu. Nikamwambia pia siri za kazi. Usiulize hekta, uliza ekari. Usimuulize mtu wa huku anaishi wapi, ana kwake mjini na kwake shambani. Muulize siku unayomtaka atakuwa wapi. Na swali msomee mama mmoja kwanza. Akikunja uso, andika upya.

Careen aliandika kila neno. Akaniagizia chai na mihogo ya kukaanga. Siku tamu sana, nimezikumbuka siku zangu mpaka kifua kikauma.

Jioni ndiyo nikashtuka. Nimempa kila kitu! Si neno. Yeye hana Restituta.

Jumamosi, 9 Novemba

Aibu.

Fomu yangu ilitangulia. Mzee Seni alifika kwenye makazi ya kudumu, akauliza kama wanamaanisha kaburini. Ukumbi mzima ukacheka. Mtoto wa jicho unamsumbua, akairudisha simu na zile herufi zangu ndogo kwa Mama Dativa na kusema asante, mbegu atanunua.

Dada alijibu vizuri mpaka hapohapo. Akasimama. Mbele ya watu wote akasema Kelestini kamfundisha aandike Namawala, lakini mbegu zikija Januari yeye yuko shambani, sasa zitapokewa na mlango uliofungwa? Yeye hasemi uongo kwa ajili ya kiti cha mtu. Akaandika "inategemea." Simu ikakataa, nyekundu tupu. Mama Dativa aliniangalia. Nikaangalia dari.

Ya Careen ilikuwa na maswali manane. Herufi kubwa, swali moja moja, ukichoka unaacha na kesho unalikuta pale pale. Ukibonyeza kipaza sauti, linasomwa. Mzee Seni aliweka simu sikioni na kuijibu kwa heshima kabisa. Swali la tatu: "Mbegu zitakapofika, utakuwa nyumbani au shambani?" Swali langu!

Restituta alimaliza kabla chai haijapoa. Akainua simu juu, akatangaza kwamba kajaza mwenyewe. Mwenyewe! Akapiga kigelegele. Nilifurahi kwa ajili yake, naapa. Na niliumia vibaya. Miaka yote hiyo alikuwa akimaliza karatasi ananigeukia mimi. Leo hakunitafuta hata kwa macho.

Kiti ni cha Careen.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa Mama Dativa kanivuta pembeni. Nilijua natukanwa. Kumbe Careen kamweleza maswali yote mazuri yametoka kwangu. Wanataka niwe mshauri, niwe nasoma maandishi ya kikundi na kuyalainisha. Nianze na tangazo. Mistari miwili tu: fomu ipo, mwisho wake Ijumaa.

Mistari miwili! Wamenidharau. Lakini nimekubali.

Jumanne, 12 Novemba

Tangazo limekamilika. Kurasa kumi na moja, na dibaji.

Nimeongezea jambo la faida zaidi, kazi ya mikono yangu: Fomu ya Kuomba Kusaidiwa Kujaza Fomu. Maswali sitini. Nimemwonyesha Restituta alipopita kuniaga, mkeka begani, anaelekea shambani. Alisoma mpaka la tatu, akaketi. Akauliza na hii, mtu ataijaza kwa msaada wa nani.

Nikamwambia nipo kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, aje na picha mbili za pasipoti.