Watoto Kumi na Saba Wakingoja Mkono Wangu

Leo nimeaibika mbele ya wazazi, na kosa lenyewe nililifanya wiki ya kwanza kabisa ya kazi. Niliwaandikia watoto kwa mikono yao wenyewe. Wacha nieleze.

Nafundisha chekechea hapa Mwihoko, darasa la PP1, mwaka wa kwanza. Watoto kumi na saba, wa miaka minne na mitano. Sijasomea ualimu. Mwandiko nilijifundisha kwa simu, nikijaza daftari zima kwa herufi moja hadi vidole vikafa ganzi. Mwenye shule, ambaye sote tunamwita Madam, alinichukua kwa sababu ya mwandiko wangu. Akasema nishike darasa kwa muda, halafu siku ya wazazi ataamua kama ni langu au ataleta mwalimu mwenye cheti. Siku yenyewe ni leo. (Mama yangu kule Ngoingwa ameshatangazia kanisa zima kwamba mimi ni mwalimu. Hii habari ya kuamuliwa hana.)

Wiki ile ya kwanza niliwachorea herufi za nukta ili wapitishe penseli juu yake. Wakapitisha. Herufi a ya Baraka ilitoka kama kiazi kilichokanyagwa. Sikuweza kuitazama! Nikaifuta, nikainama nyuma yake, nikafunika mkono wake kwa wangu, tukaandika pamoja. Ikatoka safi. Baraka akafurahi. Mimi nikafurahi zaidi. Kesho yake nikawashika wote. Na kesho kutwa yake. Na muhula mzima, kila mtoto, kila mstari. Mgongo uliniuma sana, nikawa najiona mtu wa bidii.

Basi leo saa nne wazazi wakaingia, wakaketi kwenye vile viti vidogo, magoti yakigusa videvu, wakafungua madaftari. Wakawa wanapitisha vidole juu ya herufi.

"Haiya!" Huyo alikuwa nyanyake Shiru, aliyetoka Murera asubuhi. Watoto wote wanamwita Cucu. "Mwalimu, hii ni kuandika ama ni mashini?"

"Ni mjukuu wako huyo, Cucu," nikasema. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.)

Madam akanitazama akatabasamu. Nikaanza kupanga moyoni vile nitapaka rangi meza za muhula ujao.

Cucu akatoa karatasi nyeupe kwenye mkoba. "Kuja hapa, mami. Niandikie jina lako niende nalo, babu yako aone."

Shiru akashika penseli. Aliishika sawasawa, hilo mnikubalie. Akaweka ncha juu ya karatasi. Akatulia.

"Andika," Cucu akasema.

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Mkono ya ticha."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu. Nikasema mtoto ana haya, wageni ni wengi. Madam, Mungu ambariki, akajaribu kuniokoa. Akapiga makofi mawili. "Darasa! Waonyesheni wazazi herufi a!"

Penseli kumi na saba zikagusa karatasi kwa pamoja. Halafu hakuna kitu. Watoto wakageuza shingo, wote, wakanitazama juu ya bega, wametulia kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

Baraka ndiye aliyelalamika. "Ticha, anza na mimi! Jana ulianza na Shiru!"

"Ticha," baba yake akaita kutoka nyuma, "ukimaliza na hao ukuje unishike na mimi. Nina fomu ya kazi sijajaza."

Wazazi wakaangua kicheko. Mama mmoja alicheka hadi kiti kikaanguka. Mngedhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Hapana. Mimi nikiingiwa na hofu, mwili hufanya kile ulichozoea. Miguu ilitembea yenyewe hadi kwa Shiru. Nikainama. Nikafunika mkono wake. Na mbele ya wazazi wote, Madam akiwa hatua mbili kutoka kwangu, nikaandika Shiru.

Ilitoka nzuri sana. Sijawahi kuandika S nzuri kama ile.

Hakuna aliyecheka tena. Cucu akaishika ile karatasi, akaitazama, akanirudishia. Hakuwa amekasirika, na afadhali angekasirika.

"Hiyo ni yako, mwalimu. Nzuri. Ya mjukuu wangu iko wapi?"

Muhula mzima, madaftari kumi na saba, na sikuweza kumwonyesha mstari mmoja wa mjukuu wake. Akatoa karatasi nyingine, akaniomba kwa adabu nisogee. "Andika ya kwako, mami. Hata ikiwa mbaya."

Shiru alichukua muda mrefu sana. Alitoa ulimi. Ile S ililala chini kama mnyoo uliochoka, na baada yake hakuna herufi nyingine iliyokuja. Cucu akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani, akamwambia ahsante.

Walipoondoka Madam aliniita nje. "Mimi sikukuajiri uandike," akasema. "Wewe unajua kuandika."

Darasa sikupewa. Muhula ujao anakuja mwalimu mwenye cheti, nami nitakuwa msaidizi wake, na nikikaribia meza ya mtoto mikono iwe nyuma. Kwa Mama nitapiga simu kesho. Nyinyi chekeni, lakini msinitumie picha za viazi, nawaomba.

Mchana niligawa karatasi tupu nikakaa mbali. Baraka aliniita mara nne. Mara ya tano hakuniita. Herufi zao ni mbaya kupita maelezo: zingine zimelala, zingine zimetoka nje ya karatasi zikamalizikia kwenye meza. Nimezibandika zote ukutani kwa gundi, kumi na saba, na hakuna hata moja niliyoifuta.