Madebe Thelathini Nyuma ya Mgombea

Jumatatu, 5 Juni 1989
Semina ya sisi tunaotaka udiwani wa Matisi, ukumbi wa kanisa. Bure! Chai bure, mkate bure, kalamu bure. Nilizaliwa Misikhu bila kiatu, nikajijenga mpaka nikamiliki kinu cha unga hapa Kitale. Sijawahi kupewa kitu bure na mtu ambaye hakurudi kukidai.

Anayefundisha ni Mwalimu Jerono wa ngumbaru, yule anayefundisha watu wazima kusoma. Akasema kura ni ya mlolongo: kila mtu husimama nyuma ya mgombea wake, filimbi ikilia hakuna kusonga, afisa anahesabu vichwa. Ati tukikwama tumwendee nyumbani, hata usiku. Kwa nini usiku? Gikonyo wa bucha, mpinzani wangu, aliandika kila neno. Mimi sikuandika kitu. Kalamu niliichukua.

Eti anifundishe foleni, mimi! Kinuni kwangu mtu huweka debe lake la mahindi kwenye foleni, anaenda zake sokoni, akirudi nafasi yake iko. Hakuna anayegusa debe la mwenziwe. Hiyo ndiyo sheria, na haikuletwa na semina.

Jumatano, 7 Juni
Gikonyo amewagawia wazee wa mtaa matumbo. Ati mtoto wake amebatizwa. Mtoto mwenyewe ana ndevu!

Nimepita nyumba kwa nyumba nikipiga hesabu. Mimi 217, yeye 184. Namshinda kwa 33. Hesabu nzuri mno. Hesabu nzuri hivi lazima kuna mtu anaitafuna kwa chini.

Ijumaa, 9 Juni
Mpango upo! Watu wangu thelathini watasimama kwa Gikonyo wasikilize nani amenunuliwa. Madebe yao yatabaki kwenye foleni yangu kushika nafasi. Nikivua kofia, mbio, wanarudi. Mke wangu Nakhungu atawaongoza. Akauliza, "Na filimbi ikilia kabla ya kofia, Baba Jentrix?" Nikamwambia hayo ya filimbi ni ya Jerono. Akasema sawa. Alisema sawa haraka sana.

Jioni Jerono akapita kinuni. Kama sina ajenti wa kunisimamia wakati wa kuhesabu, atanisaidia kumwandaa mmoja. Nikasema ninaye. Sina. Ajenti ni mtu unayemwonyesha hesabu zako ili akaziuze.

Jumatatu, 12 Juni
Uwanja wa shule ulijaa. Madebe thelathini nyuma yangu, yamenyooka, yanang'aa. Gikonyo akapaza sauti, "Bwana Wabwile, leo unagombea ama unasaga?" Watu wakavunjika mbavu. Cheka tu, bwana.

Chifu akaanzisha maombi. Wanaume wote wakavua kofia. Mimi je? Nikaishika yangu kwa mikono miwili! Nikiivua sasa mpango umekufa. Chifu akakatiza maombi, akamweleza Mungu kwamba kuna mtu hapa alilelewa na mbuzi.

Amina. Filimbi! Papo hapo. Nikavua kofia, nikaipunga juu kama nafukuza nyuki. Thelathini wakachomoka, askari wakainua rungu. Kila mtu pale pale! Nakhungu akapaza sauti kutoka foleni ya Gikonyo, "Si nilikuambia, Baba Jentrix!"

Gikonyo 214. Mimi 187. Nikamwomba afisa ahesabu na madebe, kila moja lina mwenyewe, anaonekana pale. Afisa akauliza kama debe lina kitambulisho. Akauliza ajenti wangu yuko wapi. Akaandika 187.

Jumatano, 14 Juni
Watoto wananiita Kaunsila Debe. Gikonyo ameniletea nusu kilo ya nyama, ati tusiwekeane kinyongo. Nikampa mbwa kipande kwanza. Nikangoja. Mbwa mzima. Tukala.

Jerono amekuja tena! Ati hata aliyeshindwa husaidiwa: aketi naye waone alipoteleza, ajiandae vizuri kwa mara nyingine. Bure, tena! Nikamsikiliza mkono ukiwa mfukoni, nimeshika pochi. Huyu mwanamke tangu semina alikuwa filimbi, filimbi, filimbi. Na kweli ikalia. Mtu asiye na njama angeyajuaje mambo ya filimbi wiki nzima mapema?

Na Nakhungu. Nimemuuliza alikuwa anafanya nini kwenye foleni ya Gikonyo. Akaniangalia sana, akaenda kusonga ugali. Aliyempeleka ni nani? Ni mimi. Lakini mbona alikubali haraka?

Sasa nimeliona kosa. Nilituma watu, na watu hawaaminiki. Uchaguzi ujao nitasimama kwenye foleni ya Gikonyo mimi mwenyewe, nijionee kila kitu kwa macho yangu. Mbele ya foleni yangu nitaweka debe. Jipya, lenye jina langu.