Toroli la Orrin Beck

Jumamosi, 24 Oktoba 1896
Orrin Beck ametangaza mbele ya duka la mbegu: mgombea wa muungano wa vyama viwili akishinda ugavana wa Kansas, atamsukuma kwenye toroli msichana atakayeweka dau naye, kutoka stesheni hadi kanisani. Hadi kanisani! Akishinda Mrepublikani wake, msichana atamsukuma yeye. Sisi wanawake gavana hatumpigii kura, lakini dau halina sheria. Nimekubali kabla hajafunga mdomo. Balaa: Hattie Crandall naye amekubali.

Jumapili, 25 Oktoba
Mahubiri sikuyasikia. Nilitazama shingo ya Orrin, benchi la mbele yangu. Amejikata kwa wembe. Huruma iliyonijaa sina pa kuiweka.

Jumatatu, 26 Oktoba
Toroli ni moja. Nikatumia akili. Chama cha Watu, chama chetu wakulima, na Wademokrati wameungana kwa kugawana vyeo, sisi je? Nimemwachia Hattie kiti. Mimi nitatembea ubavuni mwa Orrin, tukizungumza njia nzima, Hattie akitazama mbele kama gunia la viazi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kusoma magazeti kuna faida zake.

Alhamisi, 5 Novemba
Telegramu imebandikwa stesheni. Muungano umeshinda! Baba amemkumbatia jirani yetu Mdemokrati, ambaye walikuwa hawaamkiani. Mimi nililia. Baba akadhani nalia kwa furaha ya wakulima.

Jumamosi, 7 Novemba
Hattie aliketi kinyumenyume. Hilo sikulifikiria! Njia nzima yeye na Orrin walitazamana. Bendi ya ushindi iliyotusindikiza ikanisukumia kwenye ngoma kubwa, nikaona tu midomo ya hao wawili ikicheka. Karibu na kanisa Orrin alinigeukia.
“Lavinia, dada yangu, sogea kidogo. Gurudumu litakukanyaga.”
Jina langu, kinywani mwake. Hilo la dada nimeamua sikulisikia.

Jumapili, 8 Novemba
Hattie amekuja. Orrin anampeleka kwenye dansi Ijumaa, ila bibi yake Hattie, aliye mgonjwa nyumbani kwao, hana wa kukaa naye.
“Shoga, si tuko muungano?” akaniambia.
Nikapima. Kisha nikakubali. Masharti haya ni bora kuliko yale ya kwanza: Hattie huchelewa kuvaa, Orrin lazima abishe hodi, na wa kumfungulia mlango ni mimi. Atasimama pale kizingitini, kofia mkononi, hana pengine pa kutazama.
Nimeshapiga pasi gauni la buluu.