Jinsi Nilivyopungua Inchi Moja na Robo

Jumanne, 8 Oktoba
Bibi Verna, mama yake Baba, tunayeishi kwake, kaenda kwa dada yake Cape Breton. Atarudi Jumapili. Jumatatu ni Sikukuu ya Shukrani, ya kushukuru mavuno. Nina siku tano za kulifanya jiko lake liwe jipya. Mama kaniruhusu, ila nisipake rangi kitu kinacholiwa. Mdogo wangu Rhona akacheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Ana miaka kumi na minne, mimi kumi na sita, na amenizidi urefu tangu nikiwa na kumi na miwili. Hilo silizungumzii hapa.

Baada ya shule nikapita duka la mitumba la kanisa. Nikapata msasa, brashi mbili na kopo la rangi lisilo na nembo. Nilijizoeza kumuuliza yule mama muuzaji ni rangi gani. Nilijizoeza nyuma ya rafu ya vikombe kwa dakika kumi. Zamu yangu ilipofika nikasema asante, nikaondoka.

Jumatano, 9 Oktoba
Rangi ni ya kijani. Kijani cha njegere zilizochemshwa mara mbili. Sirudi nyuma.

Nimeanza na miimo ya mlango wa jikoni, zile mbao za kando zilizosimama. Kitabu changu cha vita vya majini nilikiegemeza dirishani. Mkono ukisugua, macho yakisoma. Kazi mbili kwa wakati mmoja! Meli ya mwisho ilipozama nikainua macho. Mwimo wa kushoto mweupe, kama yai lililomenywa.

Mwimo wa kushoto ndio wenye alama.

Kila Sikukuu ya Shukrani, kabla pai haijakatwa, Bibi hutusimamisha pale, hutuwekea kitabu kichwani na kuchora mstari. Baba yumo tangu ana miaka mitatu. Mistari ya Baba iliandikwa na Babu, ambaye sasa ni marehemu. Kila akienda kuchemsha chai, Bibi huupitisha mkono juu ya mwandiko ule. Sasa ataupitisha juu ya njegere.

Nikapaka haraka. Nikalia kidogo. Nikatundika shuka mlangoni na tangazo: RANGI MBICHI. Baba na Mama wanatoka alfajiri kufungasha matufaha na wanarudi hoi. Hawatafunua.

Alhamisi, 10 Oktoba
Rhona kafunua.

Alisimama pale muda mrefu, mikono kiunoni. "Dada," akasema, "umemuua Babu mara ya pili."

Kisha akataja bei ya kunyamaza. Nioshe vyombo vyote mpaka theluji ianguke. Nioke pai mimi, na kipande cha kwanza kiwe chake. Nikamwambia sitishwi na mtoto. Nimeosha vyombo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mpango mkubwa. Nitaandika yote upya!

Vipimo vyangu na vya Rhona vimo katika daftari langu tangu nina miaka tisa. Vya Baba navijua kwa moyo, nimevisoma kila asubuhi nikila uji. Futi sita kamili akiwa na miaka kumi na tano. Baba hutukumbusha hilo kila tukila bata mzinga.

Penseli ya useremala ya Babu bado imo kwenye droo. Nilijifunza mwandiko wake juu ya mfuko wa unga: saba yenye mkato katikati, nne yenye mkia mrefu. Shule yote wangeniona, wasingeamini. Kisha pamba yenye chai, ili mistari ionekane ya kale.

Nilipofika kwangu na Rhona, mkono ukasita. Nani atakumbuka? Mwaka jana nilikuwa futi tano, inchi moja na robo. Nimeandika tano, mbili na nusu. Rhona alikuwa tano na tatu. Nimeandika tano na mbili. Si uongo. Ni marekebisho.

Jumapili, 13 Oktoba
Jana nimeoka pai. Ganda limeungua upande mmoja. Nimeficha upande huo kwa mdalasini.

Bibi kafika saa tisa. Akatazama kijani, akasema ni rangi, haikosi kuwa rangi. Akaenda kuweka birika. Akapitisha mkono juu ya mistari ya Baba. Mkono ukasimama kidogo. Ukaendelea.

Nimeshinda!

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimeshindwa.

Bata mzinga kaliwa, majani mekundu yanaanguka nje, kila mtu na furaha yake. Bibi akachukua kitabu na penseli. Rhona kwanza: amerefuka inchi mbili kwa mwaka. Baba akapiga makofi. Kisha mimi. Bibi akapima. Akapima tena. Nimepungua inchi moja na robo.

Nikaeleza kuwa uti wa mgongo hushuka jioni. Nimesoma.

"Inchi moja na robo, mjukuu wangu?" Bibi akauliza. "Uti huo umeshukia wapi?"

Rhona akaingia chini ya meza kwa kicheko. Nikasema nimefuta mwandiko wa Babu, wote, kwa msasa, nikisoma, kisha nikauandika upya nilivyotaka.

Bibi akakaa.

"Babu yako alikata mbao," akasema. "Kuandika aliniachia mimi. Mwaka baba yako alipooa nilipaka jiko hili rangi ya maziwa, na mwimo nao. Mistari ikafunikwa, nikaiandika upya; huo mnaoudhani mwandiko wa Babu niliughushi mimi. Kila siku naugusa kuona kama rangi imeanza kubanduka na kunifichua."

Baba akaweka uma chini. Akauliza, polepole, kuhusu zile futi sita.

Bibi akasema aliongeza inchi mbili. Siku ile ya kupimwa kijana alikuwa mnyonge, naye akamwonea huruma.

Kisha Bibi akanipa penseli, niandike vipimo vya kweli kutoka daftarini, mbele ya wote. Nimeandika. Rhona alishika taa na kusoma kwa sauti.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimetafakari. Mwandiko wa Bibi ulidumu miaka mingi. Wangu, siku tatu. Tofauti ni moja tu: Baba hakupimwa tena. Kwa hiyo kosa langu si kughushi. Kosa langu ni kusimama pale bila viatu. Mwakani, soksi za sufu, pea nne.

Kopo lina rangi nusu. Kiti cha Babu kule sebuleni kimejaa mikwaruzo midogo, mingi, isiyo na maana yoyote. Bibi yuko kanisani mpaka saa kumi.

Msasa upo. Na nimebakiza sura mbili za kile kitabu.