Kituo cha Motisha cha Ilongero

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakuja nafasi yake nimeishika mimi, Waheshimiwa Madiwani, ndugu zangu masheikh na wachungaji, wazee mliokalia viti na wazee mliokosa viti, akina mama mliopika pilau, wanariadha, na ng'ombe wa Mzee Yeremia ambao naomba wasogezwe kidogo: hamjambo! (Hatujambo.) Mimi, Kaimu Mratibu wa Projekti ya Kuamsha Ari ya Wanamichezo, mwenye cheti cha semina ya saikolojia niliyohudhuria Arusha kwa siku mbili na chakula cha mchana, nimekuja kufungua kituo. (Makofi ya akina mama wawili.)

Ndugu wananchi, huu ni mwaka wa tisini na nne, zama za soko huria, na katika soko huria binadamu hatoki jasho bure. Nilipofika hapa mara ya kwanza niliwakuta mabinti wakikimbia alfajiri kwenye njia ya kisimani, wakiongozwa na Rahabu yule pale, peku, wakiimba na kucheka, bila kocha, bila tageti, bila bajeti yoyote. Nikashtuka. Nikasimamisha gari, nikamuuliza Rahabu anakimbia kwa faida gani, akaniamkia vizuri, kisha akasema, "Nikikimbia najisikia mwepesi, mzee." Hali hiyo, kitaalamu, ni hatari sana. (Kicheko nyuma.) Usicheke, Andrea. Mtu anayekimbia kwa raha yake tu, serikali itamsimamiaje?

Hapo ndipo nilipoingiza motivesheni. Nikatangaza kwamba mshindi wa kwanza atapata redio ya kaseti, wa pili godoro, wa tatu viatu vyenye meno, na ndani ya wiki moja wakimbiaji wakaongezeka kwa asilimia mia nne, wengine wakatoka Ikungi, wengine Misigiri kwa lori la alizeti. Kweli, nyimbo zilikoma, maana anayewania redio haimbi na mpinzani wake. Kweli pia, Hajira na Rahabu, waliokuwa wakipitiana majumbani kila asubuhi, walianza kuviziana ili mmoja atangulie kufanya mazoezi. Huo ndio ushindani, ndugu zangu, na ushindani ni maendeleo.

Siku ya mashindano Rahabu alishinda. Nilimwonyesha redio, akaishika, akapigwa picha nayo, kisha kwa sababu za kiusalama nikairudisha mjini, ambako mpaka leo inatunzwa sebuleni kwangu na inashika stesheni zote. (Minong'ono.) Godoro na viatu viko katika hatua ya mchakato.

Sasa sikilizeni maajabu. Baada ya hapo wakimbiaji wakapungua, wa Ikungi wakaacha kuja, majani yakaota njiani, na Rahabu mwenyewe akaacha kabisa. Nilimfuata kwao, nikamkuta anapepeta mtama, nikamweleza kwa upole kwamba ana upungufu wa motisha. Hakubishana. Alisema tu, "Kila nikianza kukimbia naikumbuka ile redio, miguu inakuwa mizito. Zamani haikuwa hivyo." Nilisikitika sana, nikapata usingizi kwa shida, na kesho yake nikagundua kosa: redio ilikuwa ndogo! Dawa ni kituo kizima, chenye ukumbi, televisheni, wataalamu wa saikolojia na geti la chuma, kitakachoinua ari kwa asilimia themanini na saba nukta tano katika feizi ya kwanza pekee.

Namwomba Rahabu asimame atoe shukrani kwa niaba ya walengwa. Simama, mwanangu. (Rahabu anasimama.)

"Shikamoo, mzee. Redio kaa nayo. Sisi tunaomba ile njia yetu tu, na asubuhi usije kutuangalia."

(Makofi marefu. Hajira anasimama naye.)

Mmesikia alivyoguswa! Basi tuseme wote: Motisha! (Wachache: Oyee.) Kukimbia bure! (Kimya.) Mjibu, "Ni ugonjwa!" Haya, tutafanya mazoezi siku nyingine.

Mwisho kabisa, nawashukuru wafadhili, ambao barua yao tutaiandika mara tu tutakapowafahamu; namshukuru mkandarasi, atakapopatikana; namshukuru Mzee Yeremia kwa kiwanja hiki, ambacho amenikumbusha sasa hivi kwamba ni shamba lake na hajakitoa; na nawashukuru ninyi kwa kuvumilia jua, kwa kuwa ukumbi ambao mngekaa ndani yake ndio huu ninaoufungua. Kwa heshima niliyopewa nakata utepe huu, uliofungwa kwenye vijiti viwili, na nawakaribisha mpite upande wa pili mkaangalie alizeti.

(Rahabu anavua kandambili, anazishika mkononi, anaishika njia ya kisimani mbio. Hajira anamfuata, kisha wengine. Wimbo unasikika.)

Jamani, mnakwenda wapi? Rudini! Nani kawaruhusu kukimbia? Sijatangaza zawadi!